Steringi Asiyeshinda: Thamani ya Kutazama *Nairobi Half Life* kwa Jicho la Kibanda cha Nachingwea na Ruangwa

Ikisiri

Makala haya yanajadili iwapo filamu ya uhalifu iliyojaa kiza na ukatili inastahili kutazamwa, na kwa vigezo vipi. Filamu inayochunguzwa ni *Nairobi Half Life* (2012) ya David "Tosh" Gitonga, ambayo lugha yake ni Kiswahili, Kikuyu na Sheng. Mtazamaji anayewekwa mbele ya filamu hiyo ni yule wa vibanda vya video katika miji ya Nachingwea na Ruangwa, mkoani Lindi. Inadaiwa kwamba kigezo kilichozoeleka cha "mafunzo" hakitoshi kuipima filamu hii, na kwamba istilahi ya vibandani, hasa neno *steringi*, ina nguvu ya kihakiki ambayo wahakiki wa fasihi ya Kiswahili hawajaitumia ipasavyo.

1.0 Swali linaloulizwa mlangoni

Nje ya kibanda cha video katika mji mdogo wa Tanzania huwa kuna ubao. Juu yake, kwa chaki, huandikwa mechi za siku, saa zake, na majina ya "picha" zitakazooneshwa kabla au baada ya mechi. Mtu anayesimama mbele ya ubao huo hana tahakiki ya gazeti wala maelezo ya bodi ya ukaguzi. Ana maswali mawili au matatu ya kumuuliza mwenye kibanda: Steringi ni nani? Ina mapigano? Imetafsiriwa? Mzazi au mwalimu akipita hapo huongeza swali la nne: Ina mafunzo?

Wahakiki wa fasihi ya Kiswahili wamelizingatia zaidi swali la nne na kuyaacha matatu ya kwanza kana kwamba ni mambo ya kihuni. Hilo limekuwa na gharama. Filamu ya uhalifu inapokuwa ngumu, ikamwaga damu bila kumfariji mtazamaji, swali la mafunzo hutoa jibu la haraka mno. Ama filamu hukataliwa kwa kuwa "inafundisha vijana wizi", ama hukubaliwa kwa kuwa mwisho wake unaonesha kwamba mwizi huishia pabaya. Majibu yote mawili yanaweza kutolewa na mtu ambaye hajaitazama.

*Nairobi Half Life* inafaa kulipima jambo hili kwa sababu tatu. Kwanza, ni kazi ya Afrika Mashariki inayotumia Kiswahili na lahaja yake ya mtaani. Pili, ilipata heshima kubwa nje ya vibanda: Joseph Wairimu, anayeigiza mhusika mkuu Mwas, alipewa tuzo ya mwigizaji bora katika Tamasha la Kimataifa la Filamu la Durban mwaka 2012, na filamu yenyewe ikawa ya kwanza kuwasilishwa na Kenya kuwania tuzo ya Oscar katika kundi la filamu za lugha za kigeni. Tatu, na hii ndiyo yenye uzito zaidi, filamu hii inaanzia hasa pale kibanda kinapoanzia. Mwas ni muuza filamu.

2.0 Mwas na wenzake wa kusini

Mwanzoni mwa filamu, Mwas anaishi kijijini na wazazi wake, na riziki yake ni kuuza diski za filamu za mapigano za Marekani. Ili auze, huziigiza. Husimama mbele ya wateja, akarusha mikono, akabadilisha sauti, akawa shujaa na adui kwa wakati mmoja, mpaka mteja atoe hela. Mtazamaji wa Tanzania hahitaji maelezo kumwelewa mtu huyu. Ni ndugu wa watafsiri wa filamu ambao sauti zao zimetawala vibanda kwa miaka mingi, na ambao Derek Gaspar Mukandala, maarufu kwa jina la Lufufu, alikuwa miongoni mwa waliowatangulia. Matthias Krings, mwanaanthropolojia aliyeichunguza sanaa hiyo, ameonesha kwamba mtafsiri hafasiri tu maneno. Huongeza chumvi, hutia majina ya mitaa inayojulikana, huwasema wahusika, hucheka nao, na mwisho wake filamu ya kigeni huwa hadithi ya kwetu. Kenya nako yuko DJ Afro kwa kazi ya aina hiyohiyo.

Basi filamu inaanza kwa kumtambulisha msanii wa simulizi ambaye hajui kwamba ni msanii. Kikundi cha waigizaji kutoka Nairobi kinapofika mjini kwao, Mwas anamfuata mmoja wao na kuomba njia. Anaambiwa alipe shilingi 1,000 za Kenya ili apewe nafasi. Anazo 500. Nyingine 500 anaambiwa azipeleke mwenyewe Nairobi. Utapeli huo mdogo, unaofanywa na mtu msomi kwa lugha ya upole, ndio uhalifu wa kwanza katika filamu. Hauna kisu wala bastola, na watazamaji wengi huusahau kabla ya nusu saa kupita. Ni kosa kuusahau.

Kwa nini kisa hiki kiwahusu watu wa Nachingwea na Ruangwa, wilaya ambazo hadi mwaka 1995 zilikuwa wilaya moja? Jibu limo katika neno ambalo Kiswahili chote kimelipokea kutoka kusini. *Machinga*, kabla ya kuwa mchuuzi wa mkononi, ni jina la watu na la mahali mkoani Lindi. Vijana wa Lindi na Mtwara walioingia Dar es Salaam kwa wingi katika miaka ya 1980 na 1990, wakatembeza mitumba, saa na miwani barabarani, walilibeba jina hilo mpaka likaacha kuwa la kabila. Leo mchuuzi aliyezaliwa Mwanza huitwa machinga, na neno hilo limo katika kauli rasmi za Serikali. Hapa pana badiliko la maana ambalo mwanaisimu angelieleza kwa mstari mmoja, ilhali ndani yake mna historia ya maelfu ya safari. Kila safari ilikuwa na mama aliyetoa hela kidogo, na binamu mjini aliyetajwa kuwa "atakupokea".

Mwas naye ana binamu. Anampa redio ya bei na fedha avifikishe katika duka la vifaa vya umeme Nairobi. Siku ya kwanza mjini anaporwa kila kitu. Muda mfupi baadaye anakamatwa na kulala mahabusu. Filamu haimpi mtazamaji nafasi ya kuvuta pumzi kati ya tukio moja na jingine, na ni hapo ndipo watu wenye moyo mwepesi huanza kujiuliza kama waendelee.

3.0 Kigezo cha mafunzo na mipaka yake

Kukataa kiza si jambo jipya katika uhakiki wa Kiswahili. *Rosa Mistika* (1971) ya Euphrase Kezilahabi ilipigwa marufuku mashuleni kwa muda kwa sababu ya mambo iliyoyasema waziwazi. Mwandishi huyohuyo alimfanya Kazimoto wa *Kichwamaji* (1974) ajiue, na Tumaini wa *Dunia Uwanja wa Fujo* (1975) aishie kunyongwa. Leo vitabu hivyo vinafundishwa vyuoni, na hakuna anayedai kwamba wasomaji wake hujifunza kujiua. Kilichobadilika ni mazingira ya kuvisoma: kuna mwalimu, kuna darasa, kuna mjadala. Maandishi yenyewe ni yaleyale.

Riwaya ya uhalifu, kwa upande wake, ilipita njia nyingine. Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, aliyeanza na *Mzimu wa Watu wa Kale* (1960), alikuwa mtu wa kufikiri. Fumbo lilifumbuliwa na dunia ikarudi mahali pake. *Simu ya Kifo* (1965) ya Faraj Katalambulla ilileta mji na kasi zaidi. Ilipofika zamu ya Elvis Musiba na jasusi wake Willy Gamba, na ya Ben Mtobwa na Joram Kiango, maiti ziliongezeka kurasa kwa kurasa, lakini msomaji hakuwa na wasiwasi. Alijua nani atabaki hai. Wahakiki wakaziita kazi hizo "fasihi pendwa", mara nyingi kwa dharau kidogo, na wakazisamehe ukatili wake kwa kuwa haki ilishinda mwishoni.

Hapo pana jambo la kushangaza. Kwa kigezo cha mafunzo, kisa ambacho watu hufa kwa wingi na shujaa akatoka na shati safi kinahesabika salama kuliko kisa ambacho kifo kimoja kinauma. *Nairobi Half Life* ina vifo vichache kuliko filamu nyingi za kimarekani ambazo Mwas mwenyewe huziuza. Kinachoifanya ionekane katili kupita zile ni kwamba kila kipigo kina mwenyewe. Mtu anayepigwa anajulikana jina, anajulikana anadaiwa na nani, na kesho yake bado anachechemea.

Jamii za kusini zilikwishalijua jambo hili kabla ya sinema. Katika jando na unyago wa Wamwera, Wayao na Wamakonde, vijana huambiwa na kuoneshwa mambo ambayo nje ya kumbi hizo hayatamkwi. Huimbiwa yanayotisha na huvumishwa kusudi. Hakuna aliyedai kwamba mambo hayo hayafai kwa kuwa ni makali. Kilichozingatiwa ni umri, mahali, na nani amekaa na mwali: nyakanga yupo, kungwi yupo, na kila jambo lina mtu wa kulifafanua. Hata Askofu Vincent Lucas wa Masasi, alipokabiliana na jando katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, hakulifuta. Alilitafutia umbo ambalo Wakristo wangeweza kuingia. Kwa desturi hiyo, swali la kama jambo kali lifundishwe au lisifundishwe halikuwa swali kabisa.

Kibanda hakina kungwi. Hili ndilo pingamizi la kweli dhidi ya kuonesha filamu kama hii Nachingwea au Ruangwa, na lina nguvu kuliko lalamiko la maadili kwa ujumla. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Na. 4 ya mwaka 1976 iliweka utaratibu wa ukaguzi, na filamu hupangiwa umri wa watazamaji. Lakini kibandani mtoto wa darasa la nne hukaa benchi la mbele kwa sababu ni mfupi, na hakuna anayemwondoa. Filamu inayohukumiwa hapa ina eneo la danguro, matusi, na mauaji yanayofanywa na watu waliopaswa kulinda raia. Makala haya hayaitetei kwa watoto hao.

4.0 Steringi na jambazi

Wapenzi wa vibanda wana nadharia yao ya uhusika, na ni nadharia nzuri. *Steringi* (neno lililotoholewa kutoka katika maandishi ya kufungulia filamu za Kiingereza) ndiye mhusika ambaye jicho la mtazamaji humfuata. Ana sifa zinazojulikana. Hupigwa mwanzoni, hupoteza ndugu au mchumba, hujificha, hufanya mazoezi, kisha hurudi. Kanuni kuu ni kwamba steringi hafi. Akifa, watazamaji hudai kwamba picha ni mbaya au kwamba kuna sehemu ya pili. Upande wa pili yupo *jambazi*, au *adui*, ambaye naye ana daraja zake, kuanzia vibaraka wanaokufa kwa risasi moja hadi mkubwa wao anayebakizwa kwa dakika za mwisho.

Ukiitazama *Nairobi Half Life* kwa istilahi hizi, ugumu wake unaonekana mara moja. Mwas ni steringi kwa kila alama ya nje. Kamera haimwachi. Anapigwa, anapoteza, anajifunza. Lakini anachojifunza ni ujambazi. Mahabusu anamkuta Oti, kiongozi wa genge dogo linalong'oa vipuri vya magari, na Oti anampa kile ambacho jiji lote limemnyima, yaani pa kulala na watu wa kula nao. Olwenya Maina, aliyemwigiza Oti na aliyefariki mwaka 2022, anafanya kazi ngumu zaidi kuliko zote katika filamu hii. Oti wake ni mkarimu kweli na ni hatari kweli, na hakuna dakika ambayo mtazamaji anaambiwa achague sura moja.

Kisha linakuja jambo ambalo nadharia ya kibanda hailitarajii. Genge lilikuwa limeridhika na taa na vioo vya magari. Mwas ndiye anayewashauri wenzake wapande daraja na kuiba gari zima, kwa kuwa ana deni kwa binamu yake. Steringi wa filamu ndiye anayeleta maafa. Haongozwi na njaa peke yake. Anaongozwa pia na kipaji chake: mtu aliyezoea kuigiza mashujaa anajua kusema kwa namna inayowafanya wengine wamfuate. Uwezo uleule unaompatia nafasi katika mchezo wa Phoenix Players mchana ndio unaompatia sauti ndani ya genge usiku. Mtu anayeitazama filamu hii kama kisa cha kijana mwema aliyeponzwa na marafiki wabaya atakuwa ameirahisisha kuliko inavyoruhusu.

Ndiyo maana jibu la "mwizi huishia pabaya" nalo halisimami. Wanaoishia pabaya si walioiba zaidi. Polisi wanaolichinja genge ni washirika wa biashara ileile. Mwigizaji aliyemtoza Mwas shilingi 500 haguswi. Mwas mwenyewe anaokoka. Ukijaribu kutoa hesabu ya thawabu na adhabu katika filamu hii, haitoki. Shaaban Robert angeona hapo upungufu, kwa maana katika *Adili na Nduguze* kila tendo linapata malipo yake. Lakini msomi wa leo anayemfundisha mwanafunzi wa Ruangwa kwamba dunia hulipa kwa mpangilio huo atakuwa na kazi ya kueleza mambo mengi ambayo mwanafunzi huyo ameyaona kwa macho yake.

5.0 Lugha: mtazamaji wa Lindi mbele ya Sheng

Kwa mwanaisimu, sababu kubwa ya kuitazama filamu hii ni masikio. Mwas anaanza akiwa na Kiswahili chenye lafudhi ya Kikuyu. Kadiri siku zinavyokwenda, matamshi, msamiati na hata mwendo wa sentensi zake vinahama kuelekea Sheng ya genge. Akiwa kwenye ukumbi wa maigizo anajaribu rejesta nyingine tena, ya Kiingereza cha watu wa tabaka la kati, na haimkai vizuri. Waongozaji wengi hueleza mabadiliko ya mhusika kwa mavazi. Hapa yanaelezwa kwa lugha, na yanaelezwa vizuri.

Mtazamaji wa Nachingwea atakutana na Kiswahili ambacho ni chake na si chake. Wengi wa watu wa huko huongea Kimwera, Kimakonde, Kiyao au Kimakua nyumbani, na Kiswahili chao ni cha kusini, kimelainika. Mbele ya Sheng watasikia vitenzi wanavyovijua vikibeba majina wasiyoyajua. Askari wa jiji wanaowasumbua wachuuzi Nairobi huitwa *kanjo*. Dar es Salaam ni *mgambo*. Polisi ni *karao* au *sanse*. Kwa vijana wa Tanzania ni *njagu*. Kumkaba mtu shingo ili umpore, Nairobi ni *ngeta*, Tanzania ni *roba*. Fedha, Nairobi ni *doo* au *ganji*. Tanzania ni *mkwanja*, na jana ilikuwa *mshiko*.

Orodha hii si ya kufurahisha tu. Inaonesha kwamba miji miwili iliyokua mbalimbali imelazimika kuunda majina ya siri kwa vitu vilevile: fedha, askari, na kukabwa. Wachuuzi wa Dar es Salaam walipoondolewa kandokando ya barabara mwaka 2021, jamaa zao Ruangwa hawakuhitaji kufafanuliwa neno *mgambo*. Eneo la kukamatwa kwa Mwas katika msako, ambalo mtazamaji wa Berlin huliona kama utangulizi wa kisa, kwa mtazamaji wa Lindi ni kisa chenyewe.

Hapa linazuka suala la tafsiri. Filamu hii haina budi kupita mikononi mwa mtafsiri ili ieleweke kibandani, hata kama ni ya Kiswahili. Ni jambo la kuchekesha kidogo kwa wale wanaoamini kwamba Kiswahili sanifu kimekwisha kuiunganisha kanda hii. Mtafsiri akifanya kazi kwa desturi ya ufundi wake, ataongeza utani pale penye ukimya na atamfanya Mwas awe steringi wa kawaida. Katika eneo la mahabusu, ambapo Mwas anasafishishwa choo kilichofurika na kuigeuza kazi hiyo kuwa igizo, utani wa mtafsiri utafaa, kwa sababu eneo lenyewe limejengwa juu ya kicheko kinachokwama kooni. Katika mauaji ya karibu na mwisho utaharibu kila kitu. Mtafsiri mwenye busara angenyamaza hapo, ingawa kunyamaza si jambo analolipiwa.

6.0 Kasoro

Kuitetea filamu hii hakumaanishi kuifumbia macho. Wanawake wake ni wachache na wamechorwa kwa wino hafifu. Mama yake Mwas yupo ili atoe fedha na machozi. Amina, kahaba anayependwa na Oti na kisha na Mwas, anapewa maneno mazuri kadhaa, lakini kisa kinamhitaji zaidi kama sababu ya wanaume wawili kutazamana vibaya. Kezilahabi, miaka zaidi ya 40 kabla, alimpa Rosa nafsi iliyo pana kuliko hii.

Kasoro ya pili ni ya muundo. Filamu inaweka dunia mbili, genge na jukwaa, na inadokeza kwamba jukwaa ndilo mlango wa kutokea. Ni vigumu kutofikiria hapa mazingira ya utengenezaji wake. Filamu ilitokana na warsha za One Fine Day Films, kampuni iliyoanzishwa na mwongozaji Mjerumani Tom Tykwer na Marie Steinmann, kwa kushirikiana na Ginger Ink ya Nairobi. Warsha hizo zimewafundisha kazi vijana wengi wa Afrika Mashariki, na matunda yake yanaonekana katika upigaji picha na sauti. Lakini wazo kwamba sanaa humwokoa kijana maskini ni wazo linalopendwa sana na wafadhili wa sanaa. Kijana wa Nachingwea hana Phoenix Players. Akiondoka kwao, upande wa pili wa mizani yake hauna ukumbi wa maigizo. Una meza ya mitumba Kariakoo, pikipiki ya mkopo, au kurudi nyumbani kungoja msimu wa korosho na ufuta. Filamu ya Tanzania inayolielezea chaguo hilo kwa ukali huohuo bado inasubiriwa.

Kwa haki, ikumbukwe kwamba Gitonga halimalizi jambo hili kirahisi. Mwas anapofika jukwaani mwishoni, ametoka kushuhudia wenzake wakiuawa. Watazamaji waliomo ndani ya filamu wanadhani wanaona uigizaji. Wanampigia makofi. Yule aliyekuwa akiwauzia wanakijiji mauaji ya kuigiza sasa amesimama mbele ya watu wa mjini na mauaji ya kweli mwilini, na mapokezi ni yaleyale. Kama kuna sehemu moja ambayo filamu hii inastahili kuwekwa safu moja na *Tsotsi* (2005) ya Gavin Hood au *Viva Riva!* (2010) ya Djo Tunda Wa Munga, ni hii. *Tsotsi* inamwacha mtazamaji akilia na kujisikia mwema. *Viva Riva!* inamwacha amechoka. *Nairobi Half Life* inamwacha akiwa na wasiwasi kuhusu makofi yake mwenyewe.

7.0 Kwenye ubao

Nachingwea ni mji uliozoea ahadi kubwa. Mradi wa karanga wa Waingereza ulipojengwa hapo mwishoni mwa miaka ya 1940, ulikuja na reli kutoka Mtwara. Mradi ulikufa mwaka 1951 na reli ikafuata mwanzoni mwa miaka ya 1960. Baadaye wapiganaji wa FRELIMO walifanya mazoezi katika kambi ya Farm 17, na vijana wenye silaha wakapita hapo kuelekea vitani. Ni vigumu kushawishika kwamba watu wa mji wenye kumbukumbu hizo wanahitaji kukingwa dhidi ya kisa kinachosema kwamba mambo huharibika. Wanaohitaji kukingwa ni watoto, na hilo ni suala la saa ya kuonesha na la mtu wa kusimama mlangoni.

Hivyo basi, kwa mtu mzima wa Nachingwea au Ruangwa, filamu hii inastahili kiingilio chake, na inastahili zaidi kwa yule ambaye mwanawe, mdogo wake au mpwa wake yuko njiani kwenda Dar es Salaam. Haitamwambia kijana asiende. Haina hata sentensi moja ya namna hiyo, na ingekuwa nayo isingeaminika, kwa sababu Mwas anapoondoka kijijini anaondoka akicheka, na filamu inakubali kwamba ana sababu ya kucheka. Inachoweza kufanya ni kumpa mzazi na kijana kitu cha kuzungumzia ambacho hakitaji jina la mtu wa ukoo. Mjomba anaweza kuuliza kwa nini Mwas hakumwambia binamu yake ukweli siku ileile ya kuporwa, na kijana akajibu kwa kumsemea Mwas.

Kwa mwenye kibanda, yapo mambo ya kawaida ya kuzingatia. Filamu ina dakika 96, muda unaokaribia wa mechi moja bila mapumziko, hivyo inaweza kuingia baada ya mchezo wa jioni wa Namungo au wa Simba na Yanga, saa ambayo watoto wamekwisha kuitwa nyumbani. Ubaoni asiandike "mapigano", kwa kuwa watakaoingia kwa ajili hiyo watadai hela zao kabla ya nusu ya pili. Na atakapoulizwa steringi ni nani, aseme ni Mwas, na akiulizwa jambazi ni nani, aseme jina hilohilo.